Mtoto kagongwa na usukani wa baiskeli tumboni, siku nne baadae kapasuliwa kidole tumbo. Ndio chanzo au vimekutana tu?

mama_Rayyan (Tanga)

Habari zenu jamani, naomba msaada hasa madaktari na manesi mlioko humu na wazazi mliopitia kama haya. Naandika kirefu mniwie radhi, nikifupisha mtashindwa kunijibu.

Nina mtoto wa kiume miaka 8. Jumatano moja katoka madrasa saa kumi na nusu jioni akapakiwa baiskeli na mtoto wa jirani, huyo ana miaka 12, mwanangu kakaa mbele kwenye bomba, wakateremka kile kimlima cha kwetu wakaingia kwenye mchanga baiskeli ikaanguka, usukani ukageuka ncha yake ikamkita tumboni. Na ile ncha haina mpira, ni chuma kitupu. Kaja nyumbani analia kashika tumbo, nikamvua shati nikaona alama nyekundu ya duara kama kifuniko cha soda, chini ya kitovu kidogo kulia. Nikamkanda na maji ya vuguvugu, nikampa panadol, usiku akala wali na samaki kama kawaida akalala. Alhamisi akaenda shule, jioni akacheza. Yaani mi nilishasahau kabisa.

Ijumaa asubuhi kagoma chai. Nikajua ni visingizio vya shule. Baadae anasema tumbo linauma, nikimuuliza wapi anaonyesha kitovuni, akatapika mara mbili, jioni mwili unachemka. Mama mkwe akasema hiyo ni baiskeli, damu imevilia ndani, akachukua mafuta ya nazi akamchua tumbo na mtoto anapiga kelele. Jumamosi nikampeleka zahanati wakapima mkojo na damu wakasema UTI na taifodi, tukapewa dawa. Nikawaeleza kuwa aligongwa na baiskeli, aliyetuhudumia akabonyeza kidogo akasema ni misuli imepata mshtuko itaisha. Usiku ule hatukulala, maumivu yakahamia chini kulia, mtoto amejikunja mguu wa kulia hataki kuunyoosha. Alfajiri ya Jumapili akatulia ghafla tukamshukuru Mungu, nikasema dawa imefanya kazi. Kufika saa nne homa imepanda, tumbo gumu kama ubao, ndo tukakimbilia hospitali kubwa. Altrasaundi, vipimo vya damu, jioni ileile akaingizwa tieta. Kidole tumbo kilishapasuka, usaha umejaa, wakasafisha. Tumelazwa siku 9. Alhamdulillah sasa yuko nyumbani anakula.

Sasa linaloninyima usingizi ni hili. Pale wodini daktari mmoja alisema kugongwa tumboni kunaweza kuleta kidole tumbo. Yule aliyempasua akasema hapana, vimekutana tu. Shemeji yangu alivyosikia la kwanza akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kushtaki, anataka bibi wa yule mtoto alipe gharama zote. Yule mtoto hana wazazi hapa, analelewa na bibi yake anayeuza vitumbua asubuhi. Bibi wa watu ameshaniletea elfu ishirini mara mbili, kazifunga kwenye kitambaa, na mimi nikapokea. Mtoto mwenyewe kachapwa na mjomba wake mpaka kaacha kutoka nje. Rayyan kila siku ananiuliza mbona rafiki yake haji.

Naombeni ukweli. Kama ni yeye kamsababishia mwanangu nijue, na kama sio yeye pia nijue, maana kupokea pesa ya mtu asiyehusika ni dhulma na mimi siiwezi.

---

Kamanda wa Pongwe

Pole mama Rayyan. Kwangu mimi alipe. Mtoto alikuwa mzima Jumatano mchana, kagongwa, Jumapili kapasuliwa, hapo unatafuta nini tena. Na alama ya chuma umeiona kwa macho yako upande uleule wa kulia. Hao madaktari wanaosema vimekutana hawakuwepo.

---

dr_wodi_ya_upasuaji

Dada pole sana, na mtoto apone kabisa. Mi ni daktari wodi ya upasuaji hospitali ya wilaya, sio bingwa wa watoto, ila kesi za kidole tumbo ndo chakula chetu cha kila siku.

Anza na kidole tumbo chenyewe. Ni kijibomba chembamba, kwa wengi sentimita 6 mpaka 10 hivi, kinaning'inia pale utumbo mpana unapoanzia chini kulia, upande mmoja uko wazi mwingine umeziba kama kidole cha glavu. Ugonjwa mara nyingi unaanza ule mlango wake ukiziba. Kinachoziba ni kinyesi kilichokauka mpaka kikawa kama kijiwe, au kwa watoto hasa ni vitezi vilivyomo kwenye ukuta wake vinavimba, inaweza kuwa baada ya mafua au kuharisha, na mara chache minyoo. Ukishaziba ute hauna pa kutokea, bakteria wanazaana humo, kinajaa, damu haipiti vizuri, ukuta unaoza unatoboka. Toka maumivu ya kwanza mpaka kutoboka huwa siku moja mpaka tatu. Wale wa chini ya miaka mitano wengi tunawapokea kimeshapasuka maana mtoto hajui kueleza na tumbo la mtoto mdogo lina sababu mia.

Angalia sasa mwanao. Maumivu kitovuni kwanza, kukataa chakula, kutapika, homa, halafu maumivu kuhamia chini kulia, kujikunja mguu. Hiyo ni njia ya kidole tumbo hatua kwa hatua, ungemwambia mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu angekutajia. Na ule utulivu wa alfajiri haukuwa dawa, ndo kilikuwa kinapasuka, presha ya ndani imetoka maumivu yanapungua saa chache halafu tumbo zima linawaka. Wazazi wengi wanadanganywa na utulivu huo, usijilaumu.

Kuhusu kugongwa: aliyekwambia inaweza kutokea hajakudanganya. Zipo ripoti za kitabibu za miaka mingi za watoto waliougua kidole tumbo saa chache au siku chache baada ya kupigwa mpira, kuanguka, kubanwa na mkanda wa gari, kukitwa na usukani kama huyu wako. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ukuta wa kile kidole au wa utumbo pale kinapoungana unavimba au damu inavilia, mlango unabanwa. Au tumbo linaminywa ghafla, kinyesi kikavu kinasukumwa ndani kinakwama. Lakini kwenye kila kundi la watu 100 kama 7 au 8 watapata kidole tumbo kwenye maisha yao hata wasipoguswa na mtu, na umri unaoongoza ni 10 mpaka 19, na utotoni ndo kila wiki mtu ana mchubuko mpya. Kwa hiyo lazima watakuwepo watoto wa kuangukiwa na vyote viwili wiki moja bila kimoja kuzaa kingine. Mi kwa kesi nyingi nilizoona nasimama na aliyempasua mwanao.

Kuna namna ya kusogea karibu na jibu. Nenda ukamuulize aliyempasua alikuta nini ndani. Kama kulikuwa na damu iliyovilia kwenye kidole chenyewe, au kwenye kile kitambaa chenye mishipa kinachokishika, au mwanzo wa utumbo mpana umechubuka, basi kugongwa kuna mkono wake. Kama alikuta kijiwe cha kinyesi na hakuna dalili ya jeraha, hilo ni jambo lingine. Na angalia muda, mwanao alikula vizuri Jumatano usiku, Alhamisi akaenda shule na jioni akacheza. Jeraha la kweli la ndani kwa kawaida halimpi mtoto siku nzima ya shule na kucheza namna hiyo, ingawa yapo yanayochelewa kujionyesha.

Uliza halafu urudi hapa.

---

Baba Nasra (Mbeya)

Mi nakuelewa sana dada kwa sababu yalinikuta upande wa pili wa jambo hilohilo.

Binti yangu akiwa na miaka 6 alianguka kwenye mparachichi. Sio juu sana, kama kimo cha mtu mzima. Akaumia mkono na ubavu, tukampeleka wakampiga picha mkono hauna shida tukarudi. Kesho yake tumbo. Kila aliyemuona alikuwa na jibu mkononi tayari, mti. Jirani mti, babu yake mti, duka la dawa mti, wakatupa diklofenaki tukawa tunampa asubuhi na jioni, akiinywa anatulia tunasema unaona, ni maumivu ya kuanguka. Siku tatu hizo. Akija mtu kumwona tunaanza hadithi ya mti kabla hata hajauliza mtoto anajisikiaje, na ukishaanza na mti hakuna anayefikiria kitu kingine.

Siku ya nne akawa hawezi kutembea amenyooka, anatembea ameinama kama mzee, ndo nikampakia kwenye gari. Kidole tumbo kimepasuka, kapasuliwa, siku ya sita usaha ukajikusanya tena tukarudi tieta mara ya pili. Mtoto alikonda nikawa namuogesha nahesabu mbavu. Yupo hai, yuko darasa la tano sasa, lakini mi lile jina la mti silisahau, sio kwa sababu mti ulimuumiza bali kwa sababu ulituziba macho. Sikumbuki hata mara moja katika siku zile tatu mtu kuniuliza maumivu yalianzia wapi na yamehamia wapi.

Kwa hiyo unaponiambia baiskeli imesababisha au haikusababisha, mi nasema hilo swali ndo lilikaribia kumuua wa kwangu.

---

Msomaji wa Kale

Alichosema Baba Nasra kimenikumbusha kifo cha Harry Houdini, yule mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani aliyekuwa anafungwa minyororo anajifungua. Hii sio ya mtoto, alikuwa na miaka 52, lakini ndo kisa kinachotajwa kila watu wanapobishana kama ngumi inaleta kidole tumbo.

Oktoba 22 mwaka 1926 alikuwa Montreal nchini Kanada, kajilaza kwenye kochi chumba cha kubadilishia nguo, kijana mmoja wa chuo kikuu akamuuliza kama ni kweli anaweza kuvumilia ngumi za tumbo, akampiga kadhaa kabla hajajiandaa kukaza misuli. Akaanza kuumwa tumbo. Akapanda treni kwenda Detroit, tarehe 24 akapanda jukwaani na homa kama nyuzi 40, akamaliza onyesho, ndo akapelekwa hospitali. Walipompasua kidole kilishapasuka na sumu imesambaa. Akafariki Oktoba 31. Penisilini ilikuja kugunduliwa miaka miwili baadae, 1928, enzi zile usaha ukishasambaa tumboni mtu alikuwa anategemea bahati.

Kampuni ya bima ililipa kama kifo cha ajali, yaani walikubali ngumi ndo chanzo. Lakini madaktari wengi waliokirudia kisa hiki baadae wanaona kuna uwezekano mkubwa ugonjwa ulikuwa umeshaanza au ulikuwa unakuja wenyewe, na ngumi zilimpa sababu ya kuyapuuza maumivu. Mtu aliyepigwa tumboni akiumwa tumbo hashangai. Ndo hapo kwa Baba Nasra na ndo hapo kwa mama Rayyan, zahanati walisikia baiskeli wakasema misuli.

---

Kamanda wa Pongwe

Sawa Msomaji ila bima ililipa. Sasa kama wazungu wa bima walilipa sisi tunamkatalia nani.

---

dr_wodi_ya_upasuaji

@Kamanda bima ililipa kwa ushahidi wa mwaka 1926, hakuna altrasaundi hakuna CT-skani, na alikuwa mtu mzima aliyepigwa kwa makusudi. Hapa tunazungumzia mtoto wa miaka 12 aliyeanguka naye kwenye baiskeli, naye pia alianguka. Tusimbebeshe mzigo kabla hatujajua.

---

Mama Swaleh Msa

Assalaam aleikum, mi niko Mombasa. Naomba niseme jambo kabla watu hawajaondoka hapa na fikra kwamba ukigongwa halafu ukaumwa basi ni kidole tumbo na kugongwa hakuna neno.

Kijana wangu wa miaka 11 alipigwa goti la tumbo kwenye mpira ufuoni. Akaumwa upande wa kulia, akatapika, homa ikaja usiku. Hospitali wakamtazama wakaona maji ndani ya tumbo upande wa kulia wakasema huenda ni kidole tumbo, wakampasua kwa fikra hiyo. Walipofungua kidole tumbo kizima hakina kitu, utumbo mwembamba ndo umetoboka kitundu kidogo pale alipopigwa goti. Wallahi daktari alitoka akatuambia mshukuruni Mungu kwamba tumempasua, maana tungesema tumngojee tu na dawa angetuponyoka. Na yeye alikula kidogo baada ya mechi, hakuonyesha kitu mpaka usiku.

Kwa hiyo mtoto aliyegongwa tumbo msimweke nyumbani mkabishana ni kipi. Mpelekeni apimwe na wanaojua au alazwe atazamwe.

---

dr_wodi_ya_upasuaji

Mama Swaleh asante sana, hili nilitaka kulisema na umelisema vizuri kuliko mimi. Usukani wa baiskeli una sifa mbaya sana kwetu sisi, ncha ile ni ndogo na nguvu yote inaingia sehemu moja, na ukuta wa tumbo la mtoto ni mwembamba hauna mafuta wala misuli ya kutosha. Nje unaona kialama cha duara tu, ndani inaweza kuwa bandama, ini, utumbo kutoboka, au kongosho kubanwa kwenye uti wa mgongo. Kongosho linaweza kukaa wiki kadhaa ndo tumbo linaanza kujaa juu na mtoto anatapika. Au utumbo ule wa mwanzo baada ya tumbo la chakula unavimba kwa damu, baada ya siku moja mbili kila anachokula kinarudi.

Alama ya duara ya usukani kwenye tumbo la mtoto peke yake inatosha kumpeleka akaangaliwe hata kama anacheka. Akiwa anapauka, moyo unakwenda mbio, anatapika kijani, analalamika bega la kushoto wakati hakuumia bega (hiyo ni damu ya bandama inaunguza chini ya diaframu, ule msuli wa kupumulia), mkojo una damu, tumbo limekaza, hapo ni kuondoka saa hiyohiyo, bodaboda, bajaji, chochote. Na altrasaundi ya kwanza ikisema safi haimalizi kazi, kwa watoto inakosa majeraha, kwa hiyo tunamlaza tunamrudia kumbonyeza tumbo kila baada ya saa chache na kumpima tena.

Nyumbani kuna kitu kidogo mnaweza kufanya. Mwambieni mtoto aruke juu, au aruke kwa mguu mmoja wa kulia. Mwenye tumbo lenye moto ndani hataki, au akitua anashika chini kulia. Asipewe chakula akisubiri kuonwa. Asichuliwe tumbo. Asipewe mafuta ya nyonyo wala dawa ya kumfanya aharishe, kidole kilichovimba ukisukuma utumbo unakipasua. Panadol kwa homa haina dhambi, wala hospitali kumpa mtoto dawa ya maumivu hakumzuii daktari kugundua, kosa ni kukaa nyumbani na diklofenaki siku tatu kama Baba Nasra alivyoeleza kwa uchungu.

Na ile UTI ya zahanati: kidole kikilala karibu na kibofu au mrija wa mkojo kinawasha pale, mkojo unaonyesha chembe nyeupe kidogo, mtu anaandika UTI. Mtoto wa kiume wa miaka 8 mwenye homa, anatapika, haumwi akikojoa, lakini tumbo linauma kulia, tafadhali wenzangu tulioko zahanati tusimalizie kwenye karatasi ya mkojo. Tumlaze kitandani, tumvue nguo, tumbonyeze taratibu.

---

mama_Rayyan (Tanga)

Nimerudi jamani. Jana tulikuwa na kliniki ya kidonda nikamsubiri yule daktari aliyempasua mpaka saa tisa alasiri. Nikamuuliza kama ulivyonielekeza dokta. Akafungua faili akanisomea. Alikuta kijiwe cha kinyesi ndani, kigumu, kama mbegu ya ukwaju, kimekaa kwenye shina la kidole. Nikamuuliza kulikuwa na damu iliyovilia, akasema hapana, utumbo mpana safi, ukuta wa tumbo kwa ndani safi, hakuna mchubuko wowote isipokuwa ule wa juu ya ngozi. Nikamuuliza mara mbili. Akanijibu mara mbili bila kuchoka, Mungu ambariki.

Dokta nisaidie, hicho kijiwe maana yake nini, na je sisi ndo tuliochelewa?

---

dr_wodi_ya_upasuaji

Kijiwe kama hicho hakitengenezwi kwa siku mbili mama. Kinajijenga taratibu, tabaka juu ya tabaka, mwanao alikuwa nacho tumboni kabla ya ile Jumatano. Mtu akitaka kubishana mpaka mwisho atasema usukani ulikisukuma kikakwama, na mi siwezi kusimama mahakamani nikaapa haikuwa hivyo. Lakini hakuna damu, hakuna mchubuko ndani, mtoto kaenda shule na kacheza, maumivu yameanzia kitovuni sio pale alipogongwa. Ukiniuliza kama daktari nitakwambia kingemuuma tu, wiki ile au nyingine. Na hata kama kweli kilisukumwa, yule mtoto hakumpiga mwenzake, walianguka wote.

Kuchelewa: ulimpeleka zahanati siku ya pili ya maumivu. Ulikwenda, ulieleza. Ungekuwa umekaa tu ningekwambia. Jambo moja tu, mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba tumbo la mtoto linalouma halichuliwi tena, hata awe mjukuu gani.

---

Fundi Juma baiskeli

Mi sio mtu wa hospitali ila nimeguswa. Ile mipira ya kushikia usukani ikichanika ncha ya bomba inabaki wazi kama kisu cha duara. Wazazi mnaniletea baiskeli nitengeneze breki na mnyororo, mpira wa mkono mnasema acha tu. Ukikosa kabisa kata mpira wa tairi la zamani funga na waya, au hata kizibo cha gogo la mti kigongelee ndani ya tundu. Na watoto wasikae mbele kwenye bomba, wakae nyuma kwenye keria. Yule bibi akinifikia au akimtuma mtoto nitamwekea bure.

---

Nesi Zai

Mama Rayyan hongera kwa kwenda kuuliza, wengi hawaulizi.

Mi nizungumzie huku mbele maana kidole kilichopasuka kina ukorofi wake baada ya kurudi nyumbani. Wiki mbili tatu hizi umpime joto kila jioni. Homa ikirudi, au hataki kula tena, au anaenda choo kidogo kidogo chenye ute na anasema kunauma chini, usingoje kliniki, inaweza kuwa usaha umejikusanya kule chini kama wa Baba Nasra. Baadae pia, hata mwaka mmoja baadae, akitapika kijani na hapati choo wala hatoi hewa, hospitali, utumbo unaweza kuwa umenasana kwa makovu ya ndani.

Shule anaweza kurudi akishakula vizuri na kutembea amenyooka bila shida. Mpira, kukimbizana, kupanda miti na kubeba ndoo asubiri kama wiki sita hivi kwa kuwa amefunguliwa tumbo. Mpe uji, matunda, maji ya kutosha, mboga za majani, choo kisiwe kigumu akakamua mshono. Na usimfunge nyumbani kama yai, aamke atembee, hata kukaa barazani na wenzake kunamsaidia.

---

mama_Rayyan (Tanga)

Nimewasoma wote nikamsomea mume wangu usiku, na ile ya Baba Nasra nimeirudia mara mbili. Akampigia kaka yake simu, hawakuelewana sana lakini kesho wanakwenda pamoja kwa mwenyekiti kufuta ile kesi.

Leo asubuhi nimemrudishia bibi elfu arobaini yake. Nimemkuta jikoni kwenye vitumbua. Alikataa kuzishika, nikaziweka chini ya kawa nikamwambia bibi daktari amesoma faili, kijiwe kilikuwa tumboni siku nyingi, mjukuu wako hana hatia. Alikaa chini akajifunika uso na kanga. Mi nikalia na yeye. Nikamwambia pia nilikosea kupokea toka mwanzo, anisamehe, akasema mwanangu ungefanyaje na mtoto yuko hospitali.

Jioni yule mtoto kaja, kasimama mlangoni na vitumbua kwenye bakuli haingii. Rayyan ndo kamuita, akafunua shati kumuonyesha mshono.

@Nesi Zai swali moja, pale mwisho wa mshono upande wa chini leo panatoa maji kidogo, hayana rangi wala harufu, hana homa nimempima 36.8. Nimsubirishe mpaka kliniki ya Alhamisi?

---

Nesi Zai

Usimsubirishe, kesho asubuhi mpeleke wamfungulie bandeji waangalie, uwezekano mkubwa ni maji tu ya kidonda lakini kwa aliyekuwa na usaha tunaangalia mapema. Leo usimwage spiriti wala asali wala unga wowote, funika na kitambaa safi kikavu. Na ukimaliza nijulishe hapa wamesemaje.